Kwa nini barua za wasomaji katika majarida ya zamani ya michezo ya kuigiza mezani zina uhai kuliko makala zenyewe?

#1 KaratasiKuukuu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki hii nimefungua sanduku ambalo sikuligusa kwa zaidi ya miaka ishirini. Ndani nimekuta majarida yangu ya michezo ya kuigiza mezani, ambamo wachezaji hubuni kisa pamoja kwa kuigiza wahusika: matoleo kama sitini ya Dragon, machache ya Dungeon, vijarida vya mashabiki, na rundo dogo la White Dwarf la enzi ambazo jarida hilo lilikuwa bado likiandika juu ya michezo ya kila kampuni. Nilitarajia kurudia yale niliyoyapenda ujanani, yaani mazimwi mapya, silaha za ajabu na ramani za mahandaki. Badala yake, kwa usiku wa tatu mfululizo, nimejikuta nikisoma kurasa za barua, matangazo madogo ya watu wanaotafuta wenzao wa kucheza nao, na safu za maswali na majibu kuhusu kanuni. Makala ndefu nazipitia kwa macho tu, lakini barua nazisoma neno kwa neno.

Kwa hiyo nauliza: imekuwaje yale yaliyoandikwa kwa haraka, ambayo yalitarajiwa kusahaulika mwezi uliofuata, ndiyo yaliyobaki na uhai, ilhali yaliyoandikwa kwa ustadi ili yadumu yamechakaa?

Dai langu mwenyewe ni kwamba mchezo ulikuwa haujakamilika. Dungeons & Dragons ya 1974, mchezo uliozaa fani hii, ilitoka katika vijitabu vitatu vyembamba ndani ya kisanduku, nayo iliacha mapengo mengi kiasi kwamba kila meza ililazimika kujijazia. Jarida likawa mahali pa kuumalizia mchezo, na barua ndizo zinazoonyesha kazi hiyo ikifanyika.

#2 DaduIshirini

Naunga mkono nusu ya dai lako. Ushahidi uko wazi katika The Strategic Review, kijarida kilichotolewa na TSR, kampuni iliyotoa mchezo huo, kuanzia 1975. Toleo la kwanza lilituletea lile zimwi lenye minyiri mdomoni linalokula ubongo. Toleo la pili lilileta mlinzi wa msitu, la nne likaleta mfanya kiinimacho, na la sita likaleta manju. Aina hizo tatu za wahusika hazikuwamo katika kisanduku cha 1974, na leo ni vigumu kumweleza mchezaji mpya kwamba ziliingia kupitia kurasa za kijarida. Baada ya matoleo saba kijarida hicho kilimaliza kazi yake, na Juni 1976 likatoka toleo la kwanza la The Dragon.

Hata hivyo, tazama jinsi mfano huu unavyokugeuka. Hayo yote yalikuwa makala, wala hayakuwa barua. Kama kuumalizia mchezo ndiko kunakoleta uhai, basi makala ndizo zingepaswa kukukesheza.

#3 MsomajiWaBarua

Mimi natafuta jibu katika mwendo wa posta. Mtu aliyetaka kumpinga mwenzake alijua kwamba maneno yake yatachapishwa baada ya miezi miwili au mitatu, kwamba hatapata nafasi ya kufafanua kesho yake, na kwamba mhariri atayakata yakirefuka. Kwa hiyo alieleza hoja yote tangu mwanzo, akataja pingamizi kabla hajapingwa, kisha akatia sahihi jina lake.

Kabla hata ya kurasa za barua kushamiri, kulikuwa na kijarida cha mashabiki, Alarums and Excursions, kilichoanzishwa na Lee Gold mnamo Juni 1975. Utaratibu wake ulikuwa huu: kila mshiriki aliandika kurasa zake mwenyewe, zikakusanywa kwa Gold, zikafungwa pamoja na kutumwa kwa wote. Katika toleo lililofuata kila mmoja aliwajibu wenzake kwa majina, hoja kwa hoja, huku akieleza yaliyotokea mezani kwake mwezi ule. Ule ulikuwa uzi kama huu wetu, ila uliunganishwa kwa pini na kubebwa na tarishi.

#4 ShimoLaTatu

Wakuu, kwa maoni yangu mnalitafuta jibu mbali. Hizi ni kumbukumbu za ujana. Mleta uzi anasoma barua kwa sababu zinamrudisha kwenye umri aliokuwa nao alipozisoma mara ya kwanza. Mimi nilianza na White Dwarf, ambalo liko tangu 1975, na kila nikiona jalada la zamani moyo unanienda mbio kabla sijasoma hata neno moja. Ni hivyo hivyo kwa githyanki, wale viumbe wa mchezoni waliobuniwa na TSR: ninawapenda kwa sababu niliwaona nikiwa na miaka kumi na miwili.

#5 BintiMaktaba

Ndugu ShimoLaTatu (#4), kuna mambo mawili ya kusahihisha. Lililoanza 1975 ni Owl and Weasel, kijarida kilichotangulia cha Games Workshop, kampuni ya White Dwarf. White Dwarf lenyewe lilianza Juni 1977, mhariri wake akiwa Ian Livingstone. La pili ni kwamba githyanki hawakubuniwa na TSR. Walibuniwa na msomaji wa White Dwarf, Charles Stross, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa shule na baadaye akawa mwandishi wa riwaya za sayansi ya kubuni. Jina lao alilichukua katika riwaya ya George R. R. Martin. Viumbe hao walitokea katika safu ya Fiend Factory iliyoendeshwa na Don Turnbull, na mazimwi mengi ya safu hiyo yalikusanywa katika kitabu cha Fiend Folio cha 1981, ambacho jaladani kina picha ya githyanki.

Ama kuhusu kumbukumbu za ujana, hoja hiyo hainihusu hata kidogo. Nilizaliwa baada ya mengi ya matoleo haya kuchapishwa, na niliyapata nikiwa mtu mzima, katika rundo lililokuwa likisubiri kutupwa. Hayanirudishi popote, kwa kuwa sikuwahi kuwapo. Hata hivyo, nami nilianza na barua.

#6 ShimoLaTatu

Nimekubali masahihisho yote mawili, ahsante. Nilikuwa nimeishi na lile la githyanki kwa miaka mingi bila kulihakiki.

Ila hoja yangu siiachi, nairekebisha tu. Mtu anaweza kuitamani hali ambayo hakuwahi kuwamo. Barua zile zimejaa njaa: mtu anaeleza kwamba yeye na ndugu yake ndio wachezaji pekee wanaojulikana katika eneo zima, kwamba kitabu wanacho kimoja, na kwamba ukurasa muhimu umechanika. Sisi leo tuna kanuni nyingi kuliko muda wa kuzicheza. Nadhani tunachokisoma katika barua ni thamani ambayo kitu huwa nayo kinapokuwa haba.

#7 Mhifadhi

Kabla mjadala haujaenda mbali, KaratasiKuukuu, naomba ufanye mambo machache usiku huu huu.

Yatoe majarida katika sanduku hilo kama ni la karatasi ngumu ya kawaida, kwa sababu asidi yake huhamia kwenye kurasa. Kagua pini za katikati. Zikiwa na kutu, usizivute kwa mkono. Zinyooshe taratibu kwa kitu chembamba na butu, uzitoe, kisha jarida ulihifadhi bila pini. Karatasi hafifu hugeuka rangi ya majani makavu kwa sababu ya lignini, dutu itokayo kwenye mti, iliyomo, na mwanga na joto huharakisha jambo hilo. Karatasi inayong'aa ina hatari nyingine kubwa zaidi: imepakwa udongo laini wa kuipa mng'ao, na ikilowa kisha ikakauka ikiwa imefungwa, kurasa hugandana kama zilizotiwa gundi na mara nyingi hazitengani tena. Mifuko ya polipropilini au poliesta inafaa. Mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali haifai, na utepe wa gundi usiuguse kabisa.

Jambo la mwisho ni kukagua katikati ya kila toleo. Majarida mengi yaliwekwa michezo midogo, ramani na kadi za kung'oa. Ares, jarida la kampuni ya SPI lililoanza 1980, lilikuja na mchezo mzima ndani yake pamoja na vipande vyake vya karatasi ngumu. Ukikuta nakala ambayo vipande vyake havijakatwa, tafadhali usiwe wewe wa kuvikata.

#8 KaratasiKuukuu (mleta uzi)

Mhifadhi, nashukuru. Nimefanya hivyo jana usiku, na pini za matoleo saba zilikuwa na kutu. Sanduku nimelitupa.

Katika kukagua huko nimekuta kitu kinachohusu swali langu. Kwenye ukurasa mmoja wa Sage Advice, safu ya Dragon ya kujibu maswali ya kanuni iliyoanza Novemba 1979, nilikuwa nimeandika pembeni kwa penseli: "Hapana. Kwetu haitakuwa hivyo." Nimeitambua hati yangu, lakini kisa chenyewe sikikumbuki hata chembe. Sijui ni nani aliyekuwa mezani, wala nilikuwa namtetea nani. Nimebaki na lile jibu langu kwa mtu aliyekuwa mbali sana nami, na ambaye hakulisoma kamwe.

#9 KalamuNaRamani

Nimefuatilia tangu mwanzo bila kuandika, ila #8 imenilazimisha.

Mnazungumza kana kwamba waandishi wa barua na waandishi wa makala walikuwa watu wa aina mbili. Hawakuwa hivyo. Mlango kati yao ulikuwa wazi muda wote. Ed Greenwood alianza kama msomaji aliyetuma vitu vyake, jina lake likatokea katika Dragon mnamo 1979, na ulimwengu aliokuwa akiuchora tangu utotoni ukaja kutolewa na TSR mnamo 1987 kwa jina la Forgotten Realms. Ule mfululizo uliochambua maisha ya zimwi mojamoja, jinsi linavyokula, linavyozaana na linavyowinda, ulianza katika toleo la 72, Aprili 1983, kwa makala ya wapenzi wa mchezo wa Uingereza ambayo ilikuwa imetoka kwanza katika kijarida cha mashabiki. Stross aliyetajwa katika #5 ni mfano wa tatu.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa mlango huo. Nikiwa na miaka kumi na saba nilituma makala kuhusu mito ya chini ya ardhi na jinsi maji yanavyobadilisha ramani ya handaki. Ilikataliwa. Lakini ilirudi na kurasa mbili za maelezo zilizopigwa chapa, zikionyesha aya ipi ni ndefu bila sababu, kanuni ipi inapingana na kitabu, na wazo lipi lilistahili kuwa makala yake lenyewe. Mtu fulani katika ofisi iliyojaa bahasha alikaa na kazi ya kijana asiyemjua, akaichukulia kwa uzito. Nadhani uhai mnaousikia katika barua ni wa watu waliojua kwamba kuna mtu atakayezisoma hadi mwisho.

#10 DaduIshirini

Ndugu KalamuNaRamani, hatimaye nimeelewa kwa nini katika kila ramani uliyotuwekea hapa lazima mto upite chini ya chumba cha mwisho. Iandike upya makala hiyo, tutaisoma.

Ila hoja yako inatupeleka kwa mhariri. Ikiwa alikata, akachagua na kupanga barua ili zijibizane, basi uhai huo huenda ni kazi ya mkono wake. Barua kumi zilizochapishwa zilitoka katika gunia, na hatuwezi kujua gunia lote lilisomekaje.

#11 MgeniWaMezani

Mimi sijawahi kurusha dadu ya pande ishirini maishani mwangu. Niliyarithi majarida haya kutoka kwa mjomba, na ninayasoma kama mtu anavyosoma shajara za watu wengine, hivyo nisameheni nikikosea.

Kinachonivuta ni kwamba mwandishi wa barua hajui kitakachotokea. Msomaji wa Different Worlds, jarida la kampuni ya Chaosium lililoanza 1979, hajui kwamba litakoma 1987. Msomaji wa Imagine, lililotolewa na TSR Uingereza kuanzia 1983, anapanga mambo ya miaka mingi, ilhali halikuvuka 1985. Wapenzi wa White Dwarf wanabishana kuhusu mchezo upi upewe kurasa zaidi, bila kujua kwamba kuelekea mwisho wa muongo ule jarida litageukia michezo ya vinyago ya kampuni yake yenyewe na kuiacha mingine yote. Hali ni hiyo hiyo kwa matangazo: mchezo unatangazwa kwa fahari kubwa, na mimi msomaji nageuza ukurasa nikijua kwamba hautasikika tena.

Nilichoshindwa kukisahau ni ile katuni ya Wormy ya Dave Trampier katika Dragon. Ilikuwa ikiendelea tangu 1977, kisha mnamo 1988 ikakatika katikati ya kisa, na mchoraji akaondoka kabisa katika fani. Miaka mingi baadaye alijulikana kuwa ni dereva wa teksi, na alifariki 2014. Nikisoma matoleo ya mwanzoni mwa 1988 natamani kuwaambia wasomaji wale kwamba watazame kila mstari wa kalamu yake vizuri. Baada ya hapo jarida nalo lilidumu hadi lilipokufa 2007.

#12 BintiMaktaba

MgeniWaMezani, hujakosea chochote kuhusu moyo wa jambo. Nasahihisha neno la mwisho tu. Kilichokoma Septemba 2007 ni Dragon la karatasi, kwa toleo la 359, na mwezi huo huo Dungeon likafikia toleo lake la mwisho la karatasi, la 150. Wakati huo yote mawili yalikuwa yakichapishwa na kampuni ya Paizo kwa leseni tangu 2002. Baada ya hapo yaliendelea kwenye intaneti hadi mwisho wa 2013. Paizo nao walihamishia ujuzi wao kwenye mfululizo wao wenyewe wa Pathfinder, kwa hiyo hata kifo cha karatasi kilizaa kitu.

Nataka pia kutaja jambo ambalo hakuna aliyeligusa hadi sasa. Makala nzuri zilichapishwa tena. Zilikusanywa katika vitabu vya makala bora, zikaingizwa katika vitabu vya kanuni, na kunakiliwa kutoka toleo moja la mchezo hadi jingine. Leo nikisoma makala ya 1979 kuhusu zimwi fulani, tayari ninalijua, kwa sababu limo katika kila kitabu nilicho nacho. Barua hazikuchapishwa tena katika vitabu hivyo. Inawezekana kabisa kwamba makala hazijachakaa, ila sisi tumekwisha kuzisoma mara nane bila kujua, na barua ndiyo sehemu pekee ya jarida tunayokutana nayo kwa mara ya kwanza.

#13 MsomajiWaBarua

Hoja ya #12 imenitikisa kuliko zote, ingawa kulikuwa na mkusanyiko mmoja ulioziweka barua pamoja na kila kitu kingine. Mnamo 1999 zilitolewa sidi zenye matoleo 250 ya kwanza ya Dragon pamoja na yale saba ya The Strategic Review, kurasa zote, matangazo yote. Hapo likazuka suala la hakimiliki, kwa kuwa baadhi ya waandishi na wachora katuni walikuwa wameuza haki ya kuchapishwa mara ya kwanza tu. Mnamo 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi nyingine iliyohusu magazeti ya habari, iliamua kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba waandishi huru hawakupoteza haki zao kazi zao zilipoingizwa katika hifadhi za kielektroniki. Tangu hapo kila mchapishaji mwenye majarida ya zamani ana sababu ya kusitasita kuyatoa upya yakiwa kamili. Nakala za karatasi zilizo masandukuni mwetu zina uzito kuliko tunavyodhani.

#14 KalamuNaRamani

Niongeze mfano kutoka kwingine. Ufaransa ilipata Casus Belli mnamo 1980, na Wajapani walikwenda njia ambayo wengine hawakuifikiria. Jarida la Comptiq lilianza mnamo 1986 kuchapisha mazungumzo ya mezani yenyewe, yaani maneno ya wachezaji na ya msimamizi wa mchezo kama yalivyosemwa, na kutoka humo kikatoka kisa cha Lodoss kilichokuja kuwa riwaya na filamu za katuni.

Naona hapo kuna jibu jingine. Mchezo wa aina hii hauachi kitu nyuma. Watu watano wanakaa saa sita, wanabuni kisa, wanaondoka, nacho kinatoweka. Kitabu cha kanuni hakikisimulii na makala haikisimulii. Barua ya mtu anayelalamika kwamba mchezaji wake alitumia uganga wa mwanga kumpofusha mlinzi wa lango, na anauliza kama ni halali, ndiyo mahali pekee ambapo tunaisikia meza yenyewe ikizungumza.

#15 ShimoLaTatu

Ni meza ya nani, lakini? Walioandika barua ni wale waliopenda kubishana, na waliosifia mchezo wao huenda waliongeza chumvi. Walionyamaza hatuwasikii. Dragon la Oktoba 1976 lilikuwa na makala iliyowapa wahusika wanawake kipimo cha urembo badala ya haiba ya uongozi, na ukiisoma leo inauma. Wanawake wangapi waliisoma wakaliweka jarida chini bila kuandika neno? Miaka mitatu baadaye aliyeanza kujibu maswali katika Sage Advice alikuwa mwanamke, Jean Wells, na ninaposoma majibu yake najiuliza sana kuhusu barua ambazo hazikutumwa.

#16 KaratasiKuukuu (mleta uzi)

ShimoLaTatu, swali lako nimelala nalo. Katika matoleo yangu yote nimehesabu barua ambazo kwa majina yao zinaonekana kuwa za wanawake, nami nimepata chache mno, na moja ninaisoma tena na tena kwa jinsi ilivyo tulivu.

Kuna jambo moja naomba msaada. KalamuNaRamani ametaja mlinzi wa lango na uganga wa mwanga. Katika kimoja cha vijarida vyangu vya mashabiki, kilichotolewa kwa mashine ya kurudufia, yumo mtu anayeuliza karibu swali hilo hilo. Toleo lililofuata lina majibu mawili yanayopingana vikali, na la pili linaishia kwa ahadi kwamba mwulizaji wa kwanza atajieleza toleo lijalo. Toleo hilo sina. Jina la kijarida na namba yake nimewatumia wote mliochangia, faraghani. Nataka kujua alisema nini.

#17 Mhifadhi

Nimeangalia, na toleo hilo ninalo. Lilinijia likiwa limelowa pamoja na mengine, nalo nililikausha miaka mingi iliyopita kabla sijajua kazi hii vizuri. Kwa bahati ni karatasi hafifu isiyong'aa, hivyo kurasa zimeshikana kwa kutu na uchafu tu, na zinaweza kutengana zikipewa unyevu kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Ukurasa wa nne umeanza kuachia pembeni. Naona jina la mwulizaji na mstari wa kwanza: "Nimesoma majibu yote mawili, na mchezaji wangu pia ameyasoma." Mengine bado yako chini ya ukurasa wa tatu. Nitaurudia kesho.